Hapa Si Kwake

Kaka yangu alimkata shemeji yake panga. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akasoma mbele akadhani nazungumzia mtu aliyeonewa. Hakuonewa. Waligombania maji ya mfereji, mchana kweupe, kwenye matuta ya kabichi, na kila mmoja alikuwa na panga kwa sababu huku milimani mtu haendi shamba mikono mitupu. Mwenzake aliinua mkono kujikinga, vidole viwili vikaondoka. Kaka akakaa chini palepale akangoja mgambo. Mahakamani walimuuliza, akasema ndiyo, ni mimi. Akafungwa.

Alikuwa mtu wa mvi tayari. Mimi ndiye ninayemfuata kwa kuzaliwa. Kwa Kiluguru namwita lumbu, na yeye ananiita hivyohivyo, maana neno hilo ni la kaka kwa dada na la dada kwa kaka.

Aliyekatwa ni kaka wa mkewe. Hapo lazima nieleze, maana mambo yote yaliyofuata yalitokana na hapo. Sisi Waluguru ardhi yetu hufuata mama. Mwanamume akioa huenda kwa mke, hulima shamba la ukoo wa mke, hujenga hapo, huzaa hapo. Watoto ni wa ukoo wa mama yao, na mwenye sauti juu yao ni mjomba. Hata akizeekea pale, nyumba aliyoipiga udongo kwa mikono yake si kwake. Kwake ni alikozaliwa mama yake, waliko dada zake. Hakuna anayelalamika, ndivyo tulivyokuta. Basi kaka alikuwa akilima ardhi ya wenyewe, na siku ile alimkata mwenyewe.

Nilikuwa nikishuka kumtazama gerezani. Si mara nyingi, magoti yangu hayapendi mteremko. Nilimpelekea sabuni na magimbi ya kuchemsha, tukazungumza kidogo, mlinzi akasema muda umekwisha, nikapanda mlima. Safari moja nikamwona anakohoa huku ameziba mdomo kwa kola ya shati. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu masika. Walimpima, wakamwambia ni kifua kikuu, wakamwanzishia dawa.

Kabla sijarudi tena, korona ikaingia nchini. Redioni walisema tunawe, tusishikane mikono, tusikusanyike. Shule zikafungwa. Huku kwetu kila mlango ukawa na kibuyu chirizi, yaani kidumu cha maji kilichotobolewa, unakanyaga kijiti kinamwaga. Watoto walikigeuza mchezo, wakamaliza maji niliyoyapandisha kutoka mtoni. Watu wakachemsha malimao na tangawizi na mchaichai, wakajifunika blanketi wakajifukiza. Mimi pia nilijifukiza. Nilitoka jasho, basi.

Nikashuka na magimbi yangu. Langoni nikamkuta askari kijana, barakoa usoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nina mtu wangu humo ndani."

"Wageni wamezuiwa, bibi. Ugonjwa."

"Ugonjwa uko ndani au uko nje?"

"Uko nje. Tunauzuia usiingie."

"Na wewe unayelala nje ukaamkia ndani?"

Akacheka mpaka barakoa ikashuka puani. "Mimi nanawa, bibi."

Sabuni alipokea, magimbi akakataa. Nikamwambia amwambie mzee wangu nilifika. Akasema atamwambia. Magimbi nikampa bodaboda aliyenipandisha, akayala kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika usukani, nikamgombeza njia nzima.

Sikulia. Nilifikiri tu kwamba mtu anayekohoa, amelala katikati ya watu wengi, na ugonjwa wa kifua unazunguka nchi, huyo hatoki. Nilianza kumfikiria kama maiti, na nilichotaka kujua ni nani atatuletea habari.

Hazikupita wiki nyingi, wifi yangu akapanda kuja kwangu. Wifi huyu ndiye mke wa kaka, dada wa yule aliyekatwa vidole. Wala hatukuwahi kugombana kwa jambo lile. Kila mmoja alikuwa na kaka yake wa kumsikitikia. Tulikaa kila mtu na kigoda chake, uwanja katikati, kama tulivyoambiwa.

"Wifi, serikali imekuja kwangu," akasema. "Binti mmoja wa ustawi wa jamii, na mtendaji wa kijiji."

"Wanataka nini?"

"Wanauliza habari za mume wangu. Ati kule ndani wamejaa, na ugonjwa huu, wanatazama wazee na wagonjwa wanaoweza kumalizia kifungo nje. Binti akaniuliza, mzee akitolewa, hapa ndipo kwake? Nikamwambia hapa si kwake."

"Haya."

"Akauliza hii nyumba kajenga nani. Nikasema kajenga yeye. Na hawa watoto? Nikasema wake. Sasa akanitazama hivi, kama mtu aliyemwona kuku anaogelea. Akaniuliza tena, mama, hapa ni kwake au si kwake? Nikamwambia, mwanangu, si kwake, nikudanganye ili iweje?"

Tulicheka. Nikamwambia umejibu vyema. Kweli alijibu vyema. Ningeulizwa mimi juu ya marehemu mume wangu ningejibu hivyohivyo, ingawa nyumba ninayolala ndiye aliyeiezeka bati.

Baada ya hapo kukawa kimya. Kisha akaja mzee mmoja wa Mikese, mwembamba, amevaa suruali inayoshikiliwa na kamba. Hakukaribia. Alisimama kwenye migomba akabisha hodi kwa mbali, akasema yeye naye anatoka kule ndani, tusimwogope, ila na yeye asingetaka kutuogopesha. Kaka alimwomba apande kuleta salamu.

"Mzima?" nikauliza.

"Anatembea."

"Sasa mbona wewe umetoka na yeye hakutoka?"

"Bibi, tulitengwa wote wenye mvi na wenye kukohoa. Mzee wako alikuwemo, tena alikwisha kukunja blanketi lake. Halafu wakatutenga tena. Wenye pa kupokelewa huku, wasio na pa kupokelewa kule. Yeye akaenda kule."

"Nani kasema hana pa kupokelewa?"

"Mkewe."

Nilimpa chai kwenye kikombe, nikakiweka juu ya jiwe, nikarudi nyuma akakichukua. Akanywa amesimama. Alipoondoka nilikimwagia maji ya moto. Nilikaa nikimfikiria yule binti, na wifi, na mimi mwenyewe niliyecheka. Hakuna aliyesema uongo. Jibu lilikuwa la kweli, nalo ndilo lililomfungia mlango.

Kesho yake nilivaa kitenge kizuri nikashuka mjini Morogoro.

Binti wa ustawi nilimkuta ofisini, dirisha wazi, viti vimewekwa mbalimbali. Akaniamkia vizuri. Alikuwa mgeni wa mkoa huu, na kwa mazungumzo nikajua kwao ardhi hufuata baba.

"Bibi, mke wake mwenyewe alisema pale si kwake."

"Alisema kweli."

"Sasa kwake ni wapi?"

"Kwangu."

"Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Umeolewa? Hiyo nyumba ni ya mume wako?"

"Kiwanja ni cha mama yangu."

Akaweka kalamu chini. "Bibi, hebu nieleze polepole." Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, nilimpenda kwa hilo, maana wengi huanza kutikisa kichwa kabla hujafika. Nilipomaliza akasema, "Kwetu dada akishaolewa ndiye asiye na kwake."

"Basi kwenu ni taabu."

"Ni taabu, bibi," akasema, akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Nitaliandika upya. Lakini kuna jambo jingine. Yule aliyejeruhiwa yuko kijiji cha jirani. Siwezi kumrudisha mtu karibu yake kabla sijasikia neno lake. Akikataa, hatoki."

"Utakwenda kumuuliza?"

"Nitakwenda. Lakini wewe utafika kabla yangu, najua."

Nilifika kabla yake.

Shemeji nilimkuta mtoni anaosha karoti. Ule mkono uliobaki na vidole vitatu alikuwa ameuzoeza, anabana karoti kwa kidole gumba na kiganja, mkono mwingine unasugua. Ni mdogo kwangu kwa umri. Aliniamkia, nikaitika, nikakaa juu ya jiwe upande wa pili wa maji.

"Umekuja kuomba," akasema.

"Nimekuja kuomba."

"Bado anakohoa?"

"Kapewa dawa. Lakini ukimwona, ni fimbo iliyovaa shati."

Akasugua karoti nyingine. "Akifia humo ndani, watu watasema nini?"

"Watasema mengi."

"Watasema mimi ndiye niliyemfunga mpaka akafa. Na wale watoto wake ni wapwa zangu, ni mimi mjomba wao. Niwazikie baba yao halafu niwatazame vipi? Nikae wapi matangani, upande wa wafiwa au upande wa walioua?"

Hakuwa ananiuliza.

"Mwambie huyo binti sina neno," akasema. "Sikusema nimesamehe. Nimesema sina neno. Atoke, akae kwenu, huku kwetu asivuke. Mfereji asiuguse hata kwa kunawa. Na maji yatemwe."

Nikamshukuru. Akanirushia fungu la karoti ng'ambo ya maji, moja ikaangukia mtoni, tukaitazama inakwenda.

Maji aliyosema ni desturi ya ukoo wetu na wao. Ndugu au wakwe wakimwaga damu, hawawezi kukaa salama mpaka wateme maji. Huletwa kata moja ya maji, ile ya kuchotea. Mkosaji hupiga funda, hutema chini mbele ya mwenzake, husema kilichokuwa moyoni kimetoka. Mwenzake hupokea kata ileile, hupiga funda, hutema. Bila hivyo, mkosaji haruhusiwi kulala kwenye ardhi ya mama yake, wazee hawatakubali.

Kaka aliletwa na bodaboda mpaka mwisho wa barabara, akapanda kwa miguu. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza njiani, walipomwona wakatawanyika, mmoja akapiga kelele, "Korona ya jela!" Nilimfinya sikio yule mtoto baadaye, lakini sikumlaumu sana, alikuwa anasema waliyoyasema wazazi wake ndani.

Kaka alisimama nje ya uwanja, barakoa usoni, kifurushi mkononi.

"Lumbu, nikae wapi?"

Nikamwonyesha dungu, kile kibanda cha kulindia mahindi yasiliwe na ngedere. Nilikuwa nimekifagia, nimeweka mkeka mpya, ndoo, sabuni na kibuyu chirizi. Mhudumu wa zahanati alisema akae mbali na watu kwanza, tuone kama ana homa. Kaka akaenda, akafika mlangoni, akasimama. Nikadhani anatafuta kitu. Alikuwa anangoja aambiwe aingie.

"Ingia," nikamwambia. Akaingia.

Ilikuwa hivyo kila siku. Nikimpelekea chakula nakiweka juu ya jiwe, haji mpaka nimwite. Nikizungumza naye, anachuchumaa, mikono juu ya magoti. Nikamwambia, "Inuka, mimi si bwana jela." Anainuka, kesho anachuchumaa tena. Aliniambia kule ndani walilala ubavu mmoja wote, na mmoja akichoka husema geuka, wanageuka pamoja. Ugonjwa ulipoingia waliletewa ndoo na sabuni, wenye kukohoa wakatengwa chumba chao. Wenzake wawili walipelekwa hospitali. Hawakurudi, na hakujua kama walipona au vipi. Alinieleza hayo kama mtu anayeeleza bei ya viazi, nami nikamsikiliza hivyohivyo. Halafu nikaenda kuosha sahani yake peke yake, kwa maji ya moto.

Sasa wazee wakataka maji yatemwe. Mwenye neno ni mjomba wetu, ndugu wa mwisho wa mama aliyebaki, mtu mzee kabisa. Akasema kila siku inayopita kaka analala isivyo halali. Mhudumu wa zahanati, mama mmoja mnene asiyeogopa mtu, akasikia, akapanda mwenyewe.

"Kutema? Mtu wa kifua kikuu, katikati ya korona, mtumie kata moja na mtemeane? Mnataka tuzike wangapi?"

"Tumetema maji tangu enzi za babu zetu," mjomba akasema.

"Na hao babu wako wapi?"

"Wamekufa. Lakini hawakufa wamegombana."

Mhudumu akashika kiuno. Walitazamana kama majogoo. Nikaona tutalala hapo.

"Kata mbili," nikasema.

Mjomba akanigeukia. "Kata mbili ni magomvi mawili."

"Basi yamalizwe yote mawili."

Hakupenda. Lakini shemeji alikuwa amekwisha kusema atakuja, na mzee hakutaka kumrudisha mtu aliyekubali. Nikamweka kaka upande huu wa uwanja, shemeji upande ule, mbali kuliko desturi inavyotaka, na nikahakikisha upepo unakwenda bondeni na si kwa mtu. Kila mmoja na kata yake. Kaka akashusha barakoa, akatema miguuni pake, akasema yaliyokuwa moyoni yametoka. Shemeji akatema miguuni pake, akasema na yake. Walisema haraka, kama watu wanaotaka kuwahi mvua. Shemeji akaenda zake bila kunywa chai. Mjomba akanung'unika kwamba hakuona maji yaliyotemwa pale, aliona watu wawili wanasukutua meno.

Kaka hakupata homa. Siku za kukaa mbali zilipokwisha nilimwambia ahamie nyumbani. Akasema ataendelea na dungu kwanza. Nikamwacha. Kifungo chake cha nje kilikuwa kufagia uwanja wa zahanati na kufyeka majani, na dawa zake alizimezea hapohapo mbele ya mhudumu, aliyemfanya afungue mdomo na kuinua ulimi kama mtoto. Katikati akachoka. Akaniambia amepona, kikohozi kimekwisha, dawa zinamchoma tumbo. Nikamwambia watu walipanda na kushuka mlima huu kwa ajili yako, na mmoja wao ana vidole vitatu. Akameza.

Akaanza kunenepa. Lakini nyumbani haingii. Akihitaji chumvi, anasimama kizingitini anangoja. Nikiwa nyuma ya nyumba hanioni, atasimama mpaka nirudi. Wajukuu zangu walimwita mgeni.

Dawa zilikwisha, makohozi yakapimwa, mhudumu akasema hakuna kitu tena. Watu walikuwa wamerudi kushikana mikono. Redio haikuwa ikisema sana juu ya korona, vibuyu chirizi vingi vilikauka. Mjomba alikuwa hajasahau. Akatuma neno kwa shemeji kwamba sasa yatemwe kama inavyopasa, kata moja.

Shemeji alikuja jua kali, shati limelowa mgongoni. Mjomba alikuwa amekaa tayari. Nikaleta kata. Kaka akapiga funda, akatema chini, akasema maneno yake, safari hii taratibu. Kisha akampa kata mwenzake kwa mikono miwili. Shemeji akaipokea kwa mkono ule mbovu, akaiinua, akanywa. Koo likapanda na kushuka. Akanywa mpaka akainamisha kata, haikudondosha kitu.

"Umeyameza!" mjomba akafoka.

"Nimepanda mlima wote huu, mjomba. Nina kiu."

"Yalikuwa ya kutema!"

"Ya kutema nilitema siku ile. Sina mengine." Akainyoosha kata. "Kuna maji?"

Mjomba akanitazama mimi, nikatazama kuku. Kaka akaichukua ile kata, akakatisha uwanja, akapita mlangoni, akaingia ndani kwenye ndoo. Nilimsikia anachota. Hakuwa ameniuliza kama aingie.